Makofi Mawili au Manne? Kweli na Uongo Kuhusu Sala ya Kishinto

Mtu anayejiandaa kwenda Japani siku hizi, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mtalii, huwa keshatazama video fupi kadhaa zinazomfundisha kusali kwenye jinja, yaani mahali patakatifu ambapo Washinto husimama mbele ya kami wanaowaabudu. Video hizo husema bila kusita: inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena mara moja, tia sarafu ya yeni 5 wala si ya yeni 10, na ukikosea umevunja heshima ya maelfu ya miaka.

Mengi ya hayo si kweli, na kinachoniudhi ni kwamba mambo yamepinduliwa juu chini. Kanuni zinazokaziwa sana ndizo changa. Zile kongwe, ambazo makuhani wa Kishinto wanazishika mpaka leo, wageni huzipita bila hata kuziona. Ibada ya watu inastahili kuelezwa ilivyo, hata na sisi tusioifuata. Basi tuyatazame madai yenyewe.

Dai: Kuinama mara mbili, makofi mawili na kuinama mara moja ni sheria ya kale ya Japani nzima

Uongo.

Utaratibu huo upo, tena ni mzuri, na ndio ulioandikwa kwenye vibao vya jinja nyingi. Unasimama mbele ya ukumbi wa kusalia, unainama mara mbili hadi kiuno kipinde sawasawa, unainua mikono hadi usawa wa kifua, unapiga makofi mawili, unasali, unashusha mikono, kisha unainama kwa mara ya mwisho. Ila umri wake ni mdogo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1868 yaliyomrudishia Mfalme Meiji madaraka, serikali ilizichukua jinja ikazifanya sehemu ya dola, na dola ilitaka ibada ifanywe namna moja kila mahali. Mwongozo wa ibada ukatolewa mwaka 1875, mwingine ukafuata mwaka 1907. Namna tunayoiona leo ilikaa sawa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikaenezwa na Jinja Honcho, chama kikuu cha jinja kilichoundwa mwaka 1946. Kwa hiyo bibi wa Kijapani aliyezaliwa enzi za samurai, akifufuka leo na kuona kibao hicho, angehitaji kukisoma kama mgeni.

Kabla ya hapo kila jinja ilikuwa na desturi yake. Ushinto na Ubuddha viliishi pamoja kwa zaidi ya miaka elfu, mara nyingi ndani ya ua mmoja, mpaka serikali ilipovitenganisha kwa amri mwaka 1868. Watu wengi wa kawaida waliunganisha viganja tu mbele ya kami, vilevile walivyofanya mbele ya Buddha.

Na hata leo desturi za mahali hazijafa. Izumo, katika mkoa wa Shimane, anakoabudiwa kami Okuninushi, watu hupiga makofi manne, na kwenye sikukuu kubwa ya tarehe 14 Mei hupigwa manane. Usa, kisiwani Kyushu, ni manne. Yahiko, mkoani Niigata, ni manne pia. Makuhani wa Ise, jinja yenye hadhi kuliko zote nchini, wana utaratibu wao wa makofi manane. Hakuna anayewaambia kwamba wamekosea.

Kilicho cha kale kweli ni kofi lenyewe. Mwanahistoria wa Kichina Chen Shou, aliyeishi karne ya 3, aliandika habari za watu wa visiwa hivyo, akasema kwamba wakikutana na mkubwa wa kuheshimiwa hupiga makofi badala ya kupiga magoti. Hapo hakutajwa jinja wala kibao cha maelekezo. Kofi lilikuwa salamu ya kumpa mkubwa heshima yake, na mbele ya kami limebaki hivyo.

Dai: Kunawa pale mlangoni ni pambo tu; kinachohesabika ni sala

Uongo, na huu ndio mbaya kuliko yote.

Mwislamu anayejua kwamba bila udhu sala haisimami ataelewa upesi. Katika Ushinto usafi ndio unaoibeba sala. Kojiki, kitabu cha masimulizi kilichokamilika mwaka 712, kinaeleza jinsi kami Izanagi alivyomfuata mkewe Izanami katika nchi ya wafu, akamkuta ameoza, akakimbia. Alipotoka huko alikwenda kwenye mlango wa mto, akavua nguo, akaoga kuondoa uchafu wa mauti. Alipoosha jicho la kushoto akatokea Amaterasu, kami wa jua. Alipoosha la kulia akatokea Tsukuyomi wa mwezi. Alipoosha pua akatokea Susanoo wa dhoruba. Wakubwa wa mbingu ya Kishinto walizaliwa kwenye maji ya kujitoharisha, na yeyote anayepita kwenye birika la jiwe akielekea kusali anaigiza tendo hilo kwa udogo wake.

Kutawadha kwao huendaje? Unashika kata yenye mpini mrefu kwa mkono wa kulia, unateka maji mara moja, maana hayo hayo yatakutosha mpaka mwisho. Unamwagia mkono wa kushoto. Unahamisha kata, unamwagia wa kulia. Unairudisha mkono wa kulia, unamimina maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto na kusukutua kinywa kwa maji hayo, ukiyatema chini taratibu, wala si ndani ya birika. Mdomo hauguswi na kata. Unamwagia tena mkono wa kushoto uliogusa midomo. Mwisho unaisimamisha kata wima ili maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini na kuusafisha, halafu unailaza kifudifudi kwa ajili ya anayefuata. Napenda sana hatua hiyo ya mwisho. Ibada ya mtu mmoja inamalizika kwa kumfikiria mtu asiyemjua, atakayeshika mpini uleule.

Ise pana njia ya zamani zaidi. Mbali na birika, anayekwenda jinja ya ndani (Ise ina ya nje na ya ndani) anaweza kuteremka hadi kwenye mto Isuzu, penye ukingo wa mawe uliotolewa mwaka 1692 na Keishoin, mama yake mtawala Tokugawa Tsunayoshi, akanawa kwenye maji yanayotiririka.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, jinja nyingi ziliondoa kata. Nyingine ziliweka mabomba ya mianzi ya kutiririsha maji, nyingine zikajaza maua kwenye mabirika yasiyotumika tena kunawia. Maua hayo yalipendwa sana kwenye picha, na baadhi ya jinja zimeyaacha hadi leo. Ni mazuri, lakini aliyeyapiga picha hajanawa.

Dai: Usipite katikati ya lango

Kweli kiasi.

Lango la torii, zile nguzo mbili zenye boriti juu, ni mpaka wa eneo la kami. Desturi njema ni kusimama kidogo na kuinama kabla ya kupita, na kugeuka kuinama tena wakati wa kutoka. Katikati ya njia huachiwa kami, kwa hiyo mtu hutembea pembeni. Pembeni upande gani? Ise peke yake ina majibu mawili: jinja ya nje hutembewa kushoto, ya ndani kulia. Hii ni adabu, na siku ya umati mkubwa, polisi wakiwa wanaongoza watu kwa kamba, hakuna anayeweza kuchagua upande.

Dai: Sarafu ya yeni 5 ndiyo inayokubaliwa, ya yeni 10 ina mkosi

Uongo.

Imani hiyo imejengwa juu ya mchezo wa matamshi. Yeni 5 kwa Kijapani hutamkwa sawa na neno la uhusiano mwema, na yeni 10 watu wameitafutia maana ya utengano. Ni furaha ya watu wa kawaida, haina fundisho nyuma yake. Sadaka ya zamani ilikuwa mchele, samaki, mazao ya shamba. Sarafu ziliingia baadaye pesa zilipoenea mikononi mwa watu. Tangu mwezi Januari 2022, Benki ya Posta ya Japani ilipoanza kutoza ada ya kupokea sarafu nyingi, lundo la sarafu ndogo limekuwa mzigo kwa jinja za vijijini, kwani kuziweka benki kunaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani yake. Anayetaka kumsaidia kuhani wa kijijini na atoe anachoweza, kwa mkono wa upole, bila kuirusha sarafu kana kwamba anamrushia mtu jiwe.

Kengele nayo ina hadithi kama hiyo. Wapo wanaosema kwamba usipoitikisa kamba kami hajui umefika. Jinja Kuu ya Ise haina kengele hiyo, wala Meiji Jingu ya Tokyo. Palipo na kengele, itikise. Pasipo nayo, hukupungukiwa kitu.

Dai: Kusali ni kuomba

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa.

Ingia jinja yoyote mjini utaona vibao vidogo vya mbao vimetundikwa kwa mamia, kila kimoja na ombi lake: kufaulu mtihani, kupata mchumba, kujifungua salama. Vibao hivyo vilirithi nafasi ya farasi wa kweli waliokuwa wakitolewa sadaka. Kwenye jinja ya Kifune, karibu na Kyoto, palitolewa farasi mweusi kuomba mvua na farasi mweupe kuomba mvua ikatike. Baadaye picha ya farasi kwenye ubao ikachukua nafasi ya mnyama, na leo ubao una picha ya chochote. Kwa hiyo maombi yapo, tena ni ya tangu zamani.

Lakini nenda Ise uone. Jinja hiyo ya Amaterasu ilikuwa na marufuku: sadaka za mtu binafsi haziruhusiwi, maana mwenye haki ya kutoa pale alikuwa Mfalme, kwa niaba ya nchi. Baadaye mahujaji waliruhusiwa na wakaja kwa wingi mno, lakini alama ya marufuku ile ipo bado. Mbele ya patakatifu hakuna sanduku la sadaka. Hutandikwa kitambaa cheupe tu, kwa sababu watu hawaachi kutupa sarafu. Desturi inayofundishwa ni kwamba hapo mtu hushukuru na kuombea amani ya wote. Mwenye haja yake binafsi huenda Aramatsuri-no-miya, jinja ndogo iliyo jirani ndani ya eneo hilohilo. Mamilioni ya watu hupanga mstari kila mwaka kwenda kusema ahsante, kisha wengi wao hupanda ngazi nyingine kwenda kueleza shida zao.

Makuhani hufundisha hivyo kokote: anza kwa shukrani, ujitambulishe kwa jina na unakokaa, halafu ndiyo useme haja. Ombi nalo mara nyingi hutolewa kama ahadi. Mwanafunzi anaeleza kwamba atasoma kwa bidii, anaomba asimamiwe. Likitimia, anarudi kushukuru. Kutorudi ni utovu wa adabu ambao hakuna idadi ya makofi itakayoufuta.

Dai: Washinto huabudu masanamu

Uongo.

Ukisimama mbele ya ukumbi wa kusalia ukachungulia ndani, kwa kawaida hutaona umbo lolote la mungu. Nyuma ya ukumbi huo kuna jengo jingine dogo, lililofungwa, na ndani yake kuna kitu anachokalia kami: kioo, upanga, au jiwe la thamani. Hakionyeshwi. Hata makuhani wengi hawakioni maisha yao yote.

Mahali pengine hakuna hata jengo hilo. Omiwa, mkoani Nara, mojawapo ya jinja kongwe nchini, ina ukumbi wa kusalia uliojengwa mwaka 1664, na nyuma yake hakuna kitu ila Mlima Miwa wenyewe, umefunikwa na miti. Mlima ndio makao ya kami. Anayetaka kuupanda hujiandikisha kwenye jinja ndogo ya Sai iliyo chini, hulipa yeni 300, hupewa utepe mweupe wa kuvaa shingoni, hujitoharisha, ndipo aanze. Huko juu picha ni marufuku na chakula ni marufuku. Wanaoshuka huombwa wasieleze waliyoyaona kileleni, na wengi hutii.

Kami ni nani basi? Mwanazuoni Motoori Norinaga, aliyefariki mwaka 1801, alisema ni chochote chenye nguvu ya kupita kawaida inayomtia mtu kicho: jua, bahari, mti mkubwa, mnyama, au mwanadamu. Wahenga wamo, lakini anayesema kwamba huko ni kuabudu mizimu ya mababu tu amechukua tawi akaliita mti. Na wanadamu waliofanywa kami hawakuwa wote watu wa furaha. Sugawara no Michizane alikuwa msomi na waziri, akasingiziwa, akapelekwa uhamishoni Dazaifu, akafia huko mwaka 903. Majanga yaliyoukumba mji mkuu baada yake yalidhaniwa kuwa hasira yake, na mwaka 947 akajengewa jinja ya Kitano Tenmangu ili atulizwe. Leo wanafunzi wa Japani nzima humiminika kwake kabla ya mitihani. Roho iliyoogopwa imegeuka mlezi wa watoto wa shule, na watu wanakwenda kwake kwa sababu alijua kusoma na alijua kudhulumiwa.

Dai: Sala ya Kishinto haina maneno

Nusu kweli. Mtu binafsi husali kimya, kwa maneno yake mwenyewe, na hakuna maandishi anayolazimishwa kuyakariri. Ushinto hauna mwanzilishi mmoja wala kitabu kimoja cha imani.

Kuhani, kinyume chake, ana maneno mazito. Huyaimba kwa lugha ya kale na kwa sauti ndefu, akimtaja kami, sadaka zilizowekwa na sababu ya watu kukusanyika. Engishiki, kitabu cha taratibu za dola kilichokamilishwa mwaka 927, kina sala 27 za namna hiyo, na bado huigwa na wanaotunga mpya. Maneno huaminika kuwa na nguvu yenyewe, ndiyo maana kuhani huogopa kuyakosea.

Anayetaka kuombewa rasmi, kwa mfano wazazi waliomleta mtoto mchanga wa mwezi mmoja, hulipa ada na kuingizwa ndani ya ukumbi. Kwanza kuhani hupunga juu ya vichwa vyao fimbo yenye karatasi nyeupe ili kuondoa unajisi. Kisha hushusha sala, na ndani yake hulitaja jina la mtoto. Baadaye mzazi hupewa tawi bichi la mti wa sakaki lililofungwa karatasi nyeupe. Mkono wa kulia hushika shina kutoka juu, wa kushoto hubeba majani kutoka chini. Husogea mbele ya meza, hulizungusha tawi kuelekea kulia hadi shina limwelekee yeye mwenyewe, hunyamaza kidogo akiweka nia, kisha hulizungusha tena mpaka shina limwelekee kami, hulilaza mezani. Ndipo huinama na kupiga makofi. Shina hupewa kami kwa sababu mpokeaji ndiye anayepaswa kulishika.

Dai: Aliyefiwa ndiye anayehitaji zaidi kwenda kusali

Uongo, na mgeni asiyejua hili anaweza kuwakwaza watu bila kukusudia.

Kumbuka Izanagi alivyokimbia kutoka nchi ya wafu. Mauti kwa Washinto ni unajisi. Hakuna anayesema marehemu ametenda dhambi. Kinachoogopwa ni ule udhoofu wa uhai unaowagusa waliobaki. Familia iliyofiwa na mtu wa karibu hukaa mbali na jinja, kwa kawaida mpaka siku 50 zipite. Nyumbani, rafu ndogo ya kami iliyo juu ukutani hufunikwa kwa karatasi nyeupe. Mazishi ya Kishinto hayafanyiki kwenye jinja. Hufanyika nyumbani au kwenye ukumbi wa mazishi. Na makofi hupigwa bila sauti: viganja vinakaribiana, vinasita kabla ya kulia.

Hukumu ya usafi imekuwa na upande mgumu pia, nao usifichwe. Kwa karne nyingi damu ya uzazi na ya hedhi ilihesabiwa unajisi, na wanawake walizuiwa. Baada ya vita mambo yalibadilika: wanawake waliruhusiwa kuwa makuhani, na leo wapo. Kisiwa cha Okinoshima, kilichoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017, kiliendelea kuwafungia wanawake, huku wanaume wapatao 200 wakiruhusiwa siku moja kwa mwaka, baada ya kuoga uchi baharini. Tangu mwaka 2018 wageni wote wamezuiwa, wanaume kwa wanawake. Marufuku imekuwa ya wote, na kwa maoni yangu hiyo ni haki zaidi kuliko ile ya kwanza.

Dai: Katika kila hekalu la Japani unapiga makofi

Uongo, tena ni mwepesi kurekebisha. Penye lango la torii ni jinja. Penye sanamu za Buddha, ubani na makaburi ni hekalu la Kibuddha, na hapo viganja huunganishwa kimya, bila kofi. Wajapani wengi huenda kote kuwili, na ndiyo maana hesabu za serikali za wafuasi wa dini zote zimewahi kuzidi idadi ya wananchi wenyewe.

Mchanganyiko huo umo hata katika ziara maarufu ya Mwaka Mpya, inayoleta watu wapatao milioni 3 Meiji Jingu katika siku chache za Januari, nayo si ya kale kama inavyodhaniwa. Meiji Jingu yenyewe ilijengwa mwaka 1920. Desturi ya kusafiri mbali Mwaka Mpya kwenda mahali mashuhuri ilikuzwa na reli mwishoni mwa karne ya 19, kampuni za treni zilipogundua kwamba waumini ni abiria. Miongoni mwa walioneemeka mapema ni Kawasaki Daishi, na hilo ni hekalu la Kibuddha.

Dai: Asiye Mjapani haruhusiwi kusali, na akiingia ni lazima asali

Yote mawili ni uongo.

Jinja hazimuulizi mtu dini wala pasi ya kusafiria. Hakuna ubatizo, hakuna shahada. Wahamiaji wa Kijapani waliupeleka Ushinto Hawaii tangu mwishoni mwa karne ya 19, na jinja ya Izumo ya Honolulu, iliyoanzishwa mwaka 1906, hupokea watu wa kila asili.

La pili lina historia ya maumivu. Miaka ya 1930 serikali ya Japani ilitangaza kwamba kuinama mbele ya jinja si dini, ni uzalendo, hivyo kila mtu alipaswa kuinama. Mwaka 1932 wanafunzi Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Sophia, Tokyo, walipokataa kutoa heshima kwenye jinja ya Yasukuni, kulizuka mgogoro mkubwa, na mwaka 1936 Vatikani iliwaruhusu Wakatoliki kushiriki kama tendo la uraia. Korea, iliyokuwa koloni, iliumia zaidi. Mchungaji Joo Ki-cheol alikataa kuinama, akafungwa mara kadhaa, akafia gerezani mwaka 1944. Tarehe 15 Desemba 1945 wakuu wa majeshi yaliyoikalia Japani walitoa amri ya kuutenga Ushinto na dola, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kisheria kumlazimisha mtu kuinama. Sala iliyolazimishwa iliwadhulumu Wakorea, na iliudhulumu Ushinto wenyewe kwa kuufanya fimbo ya watawala.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika huko ukiwa na imani yako nyingine na dhamiri inakukataza, usisali. Vua kofia, tembea pembeni ya njia, usijipange kupiga picha mbele ya mtu aliyefumba macho, wala usining'inie kwenye nguzo za torii. Hayo yanatosha, na hakuna kuhani atakayekudai zaidi. Ukiamua kusali, nawa kwanza, shukuru kabla ya kuomba, taja jina lako na unakotoka. Kama umefiwa hivi karibuni, subiri. Na pale ambapo hujui desturi ya mahali, muulize mhudumu wa kibanda cha hirizi kabla hujasogea mbele. Kuulizwa ni sehemu ya kazi yake.